Mtoto Mwenye Ualbino Naye Anataka Kuogelea

Mazungumzo haya niliyatoa kwa vijana wa klabu ya afya hapa Mwanza, Jumamosi moja, chini ya mwembe. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza vicheko na kuongeza mambo mawili matatu niliyoulizwa baada ya kumaliza. Soma kana kwamba na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye benchi.

Habari zenu, vijana? Leo sikuja kuzungumzia UKIMWI, wala mimba, wala bangi. Naona wengine mmeshusha pumzi. Leo nataka tuongee juu ya jua.

Najua utasema, jua lina nini? Si lipo siku zote? Mama anaanikia dagaa, baba anaanikia mpunga, wewe unaanikia fulana yako ya kutokea. Kweli kabisa. Lakini naomba kila mmoja wenu amfikirie mtoto mmoja anayemfahamu mwenye ualbino. Huenda ni mdogo wako wa tumbo moja, huenda ni mtoto wa dada yako, au yule wa nyumba ya tatu anayekaa mlangoni akiwaangalia wenzake wanakwenda ziwani na madumu. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Na ninyi ndio ninaotaka kuzungumza nao, si mama zenu, kwa sababu siku ya sikukuu mama yuko jikoni na anayewapeleka watoto kuogelea ni kaka na dada. Ni wewe.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye ualbino. Ananiita mamdogo. Kwa heshima yake sitamtaja jina, tumwite Golikipa, mtaona baadaye kwa nini. Jumatatu moja ya Pasaka nilimwomba dada anipe mtoto nikaogelee naye pamoja na watoto wengine wa mtaani. Dada akasita. Nikamwambia, "Dada, mimi ni mwelimishaji wa afya, wasiwasi wa nini?" Akanipa.

Siku hiyo palikuwa na mawingu. Nikajisemea, afadhali, jua halipo. Nilimpaka losheni ya jua asubuhi nyumbani, mara moja tu, kiasi cha kupaka mkate siagi. Nikamvalisha fulana nyeupe ya pamba na kapelo. Tukaingia majini kama saa 5, tukatoka kama saa 9. Mtoto hakulalamika hata mara moja. Alicheka mpaka akapaliwa maji.

Usiku ule ngozi yake ilikuwa nyekundu kama nyanya mabegani, masikioni, shingoni kwa nyuma, nyuma ya magoti na juu ya nyayo. Kesho yake yakaja malengelenge. Hakuweza kulala chali wala kifudifudi. Dada hakunigombeza kwa kelele, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Nilikupa mtoto, umenirudishia kidonda." Halafu akapiga marufuku ziwa. Moja kwa moja.

Wiki tatu baadaye ngozi ilikuwa imebabuka na kupona juu juu. Mtoto akaniuliza, "Mamdogo, maji yamekatazwa kwangu peke yangu?"

Sikuwa na jibu. Nina digrii ya chuo kikuu, nina vipeperushi vya afya vya kujaza sanduku, na sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilikaa chini nikajifunza upya, na haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, NGOZI YENYEWE

Ngozi ya binadamu ina rangi inayoitwa melanini. Ndiyo inayotufanya wengine weusi tii, wengine maji ya kunde. Kazi yake si urembo. Melanini inakamata mionzi ya jua kabla haijafika ndani ya ngozi na kuziharibu chembe hai. Mwenye ualbino anazaliwa akiwa na melanini kidogo sana au hana kabisa. Wazazi wote wawili wanakuwa wamebeba kinasaba hicho bila wao wenyewe kujua, na kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Baba kabeba, mama kabeba. Kwa hiyo wale shemeji zangu waliosema dada kaleta mkosi, naomba nao wasome gazeti hili.

Na lile neno "zeruzeru" tuliache. Tulilikuta, tukalizoea, lakini wenyewe wanasema linawaumiza. Sema mtu mwenye ualbino.

Sasa, mionzi inayochoma ngozi haionekani kwa macho na wala haina joto. Wataalamu wanaiita urujuanimno. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Joto unalolihisi ukiwa juani ni kitu kimoja, na mionzi inayounguza ni kitu kingine, ingawa vyote vinatoka kwenye jua lile lile. Ukiwa majini unahisi ubaridi, ngozi haikupi taarifa yoyote, kumbe unaungua. Wekundu unajitokeza saa kadhaa baadaye na kufikia kilele kesho yake. Ndiyo maana Golikipa alicheka mchana kutwa akalia usiku.

Na mawingu? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mawingu mepesi yanaweza kupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi hiyo. Na majini je? Nusu mita chini ya maji bado mionzi inakuwa na kama asilimia 40 ya nguvu iliyokuwa nayo juu. Mtoto wa miaka sita anayecheza kwenye maji ya kiuno hajajificha popote. Tena mchanga mkavu wa ufukweni unarudisha mionzi juu kama kioo, kiasi cha asilimia 15, na povu la mawimbi asilimia 25. Ndiyo maana hata ukikaa chini ya mwavuli, kidevu na chini ya pua vinaungua.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna nyongeza yetu. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Kwa hiyo mtoto anayeogelea hapa anachomwa kuliko mwenzake wa pwani kwa jua la saa ile ile. Tena hapa kwetu jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Pasaka inaangukia hapo hapo. Nilichagua siku kweli kweli!

KWA NINI NASEMA SI JAMBO LA KUPONA NA KUSAHAU

Kuna wanaosema, "Ah, ameungua tu, atapona." Malengelenge yanapona, ndiyo. Madhara yaliyoingia ndani ya ngozi yanabaki na kujikusanya, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1985 madaktari walichapisha matokeo ya kuwapima watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, wakaeleza kwamba uharibifu wa ngozi kutokana na jua ulianza kuonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Mwaka wa kwanza! Mtoto bado ananyonya, yuko mgongoni kwa mama yake shambani, kichwa kiko wazi.

Baadaye yanakuja magamba magumu usoni na masikioni, halafu kidonda kisichopona, halafu kansa ya ngozi. Nimekutana na kijana wa umri wangu aliyeondolewa sehemu ya sikio. Hakuwahi kwenda ufukweni kustarehe. Alichunga ng'ombe tu, na alikuwa akioga mtoni mchana pamoja na wenzake. Kansa ya namna hii kwa kawaida hutambaa polepole, na ikiwahiwa inakatwa ikaisha. Yeye alichelewa kwa sababu kwa miaka miwili alipewa dawa ya kupaka kama vile ni fangasi.

Kwa hiyo ukiona kwa mdogo wako kidonda ambacho hakijafunga kwa wiki nne, au kipele kinachotoka damu na kurudi, au gamba gumu linalokwaruza kama msasa ukipitisha kidole, usimwambie "subiri." Mpeleke hospitali yenye daktari wa ngozi. Yale magamba yakiwa bado machanga daktari anaweza kuyagandisha kwa naitrojeni ya baridi kali, ni dakika chache tu na mtoto anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

BASI ABAKI NDANI?

Hili swali aliniuliza kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa. "Sista, si bora abaki nyumbani yaishe?"

Nilimwelewa. Hata dada yangu alifikia hapo hapo. Na wazazi wa kanda yetu wana hofu nyingine pia, sote tunaijua, tangu yale mashambulio na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotangazwa sana kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Mzazi akimfungia mtoto ndani, usimcheke.

Lakini fikiria na upande wa pili. Mtoto anayekua kando ya ziwa bila kujua kuogelea yuko hatarini kuliko anayejua. Siku moja atateleza kwenye jiwe, au mtumbwi utayumba, na hapo losheni haimsaidii. Tena anayefungiwa leo ndiye atakayetoroka kesho akiwa na miaka 12, aende peke yake, saa 7 mchana, bila nguo, bila mafuta, ili awaonyeshe wenzake kwamba naye anaweza. Mimi nasema afundishwe kuogelea, tena mapema, na anayemfundisha ajue anachokifanya.

Na utoto wenyewe je? Sijui mwenzangu ulikulia wapi, lakini mimi nikiondoa ziwa kwenye utoto wangu sioni kinachobaki.

SAA NDIYO DAWA YA KWANZA

Watu wakisikia "kinga ya jua" wanakimbilia losheni. Losheni ni ya mwisho kwenye foleni. Ya kwanza ni saa, na haiuzwi dukani.

Kumbuka hapa Mwanza jua halifiki utosini saa 6 mchana. Linafika karibu saa 7 kasorobo, kwa sababu tuko magharibi zaidi huku tunatumia saa moja na watu wa Dar es Salaam. Wao jua linawafika juu kama dakika 25 kabla yetu. Kwa hiyo kwetu jua kali linaanza kwa kuchelewa kidogo na linachelewa kuondoka. Ile saa 9 mchana niliyotoka naye majini nikidhani jua limepoa, bado lilikuwa linawaka.

Kama huna saa, tumia kivuli. Mtoto asimame wima mahali pa tambarare. Kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, mionzi ni mikali, asiingie. Kikiwa sawa na urefu wake, bado, subiri. Kikiwa kirefu zaidi yake mara moja na nusu, hapo sawa. Kwa hapa kwetu maana yake ni kabla ya saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 na nusu jioni kwenda mbele. Watoto wanaupenda mchezo huu. Golikipa sasa anapima kivuli cha kila mtu, mpaka cha mbuzi.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Wale wadudu wa kichocho wanaotoka kwenye konokono wa majini hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali. Ukiogelea asubuhi mapema unawapunguza. Sikusema unawamaliza! Bado ukae mbali na penye matete na maji yaliyotuama, na bado umeze dawa za kichocho zinapotolewa shuleni. Kichocho tutakizungumzia siku yake.

NGUO ZA KUOGELEA NAZO

Ile fulana nyeupe ya pamba niliyomvalisha mtoto, mnajua ilikuwa na kazi gani? Karibu na bure. Pamba nyeupe nyepesi inapitisha mionzi hata ikiwa kavu, na ikilowa inapitisha zaidi. Angalia mwenyewe: fulana nyeupe ikilowa unaona ngozi. Unachoweza kuona wewe, jua nalo linakiona.

Kipimo ni rahisi. Chukua nguo, ilowanishe, inyooshe mbele ya taa au dirisha, weka mkono nyuma yake. Ukiviona vidole vyako vizuri, hiyo siyo. Kanga iliyochakaa haifai. Kitenge kizito ni afadhali. Kitambaa cha poliesta kilichofumwa kwa kubana, cha rangi ya kukolea kama bluu, nyekundu au nyeusi, ndicho kizuri, tena kinakauka haraka.

Sasa hapa Mwanza kitambaa hicho kiko wapi? Mitumbani, kwenye lundo la jezi. Nilitafuta fulana ya mikono mirefu ya michezo ya saizi yake, nikapata jezi ya golikipa, ya rangi ya chungwa, yenye shingo ndefu. Kwa miguu nilinunua taiti nyeusi. Mtoto akagoma. "Taiti ni za wasichana!" Nikamwonyesha picha ya kipa mmoja gazetini amevaa taiti chini ya bukta. Akanyamaza, akavaa, akaweka na soksi za mpira juu. Tangu siku hiyo havui, hata kulala anataka kulala nayo. Ndilo jina lake lilipotoka.

Rangi ya chungwa ina sababu nyingine. Watoto wengi wenye ualbino hawaoni mbali, macho yao yanachezacheza na mwanga unawaumiza. Majini anaweza asikuone wewe uliyesimama hatua kumi. Basi ni lazima wewe umwone yeye. Mvalishe rangi inayopiga kelele, na ukae karibu kiasi cha kumshika mkono, siyo kukaa ufukweni unapiga soga huku unamwita kwa jina. Akiwa anajifunza, msimame mwelekeo ambao jua liko mgongoni kwenu.

Kofia iwe pana pande zote, ya ukindu au ya kitambaa kizito, yenye kamba ya kufunga kidevuni. Kapelo inakinga paji la uso tu, masikio na kisogo vinabaki kwa jua, na hapo hapo ndipo kansa inapopenda kuanzia. Miwani ya jua ni mizuri akiwa nchi kavu, ila iwe ile iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi. Miwani myeusi ya barabarani isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu giza lake linafungua mboni ya jicho na mionzi inaingia bila hodi.

LOSHENI SASA

Haya, tumefika. Losheni ya jua si mafuta ya kawaida. Kwenye chupa utaona herufi SPF na namba. Kwa mtoto mwenye ualbino tafuta 30 au zaidi. Namba 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza zaidi, na 50 kama asilimia 98. Unaona tofauti yenyewe ilivyo ndogo. Kwa hiyo usihangaike kukopa pesa kutafuta namba kubwa. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi unachopaka. Angalia pia kama imeandikwa kwamba inazuia mionzi ya aina zote mbili, yaani UVA na UVB, na kama inastahimili maji, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mtu mzima anahitaji kama vijiko saba vya chai kwa mwili mzima. Kwa mtoto wa miaka sita piga nusu yake au zaidi kidogo. Mimi nilikuwa nimempaka labda kijiko kimoja. Paka dakika 20 hivi kabla hajaingia majini, akiwa kavu. Akitoka majini mfute, mpake tena. Hata kama hajatoka, kila saa mbili mpake tena, na kwa anayeogelea ni mapema zaidi, maana hata losheni inayostahimili maji chupa nyingi zinaahidi dakika 40 au 80 tu. Sehemu zinazosahaulika ni zile zile zilizomwungua Golikipa: masikio mbele na nyuma, kisogo, nyuma ya magoti, juu ya nyayo. Midomo pia.

Chupa usiiache juani wala kwenye gari. Ifunge kwenye taulo, iweke kivulini.

Bei yake dukani ni ya kuumiza, sitawadanganya. Lakini kabla hujakata tamaa, ulizia kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa wako na kwenye chama cha watu wenye ualbino. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, wataalamu walifikia hatua ya kutengeneza losheni yao wenyewe, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino hapa nchini, na imekuwa ikigawiwa bure kupitia kliniki. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba dawa hii ni ya Wazungu.

Msichana mmoja aliuliza, "Je, mafuta ya nazi?" Hapana, dada yangu. Yanalainisha ngozi, yananukia vizuri, hayazuii mionzi kiasi cha kumsaidia mtoto huyu. Vivyo hivyo mafuta ya mgando na ya mtoto mchanga.

Mwingine akauliza kama sisi wengine tusio na ualbino tununue losheni. Nitasema ninavyoona mimi. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Si kamili, na macho yetu yanahitaji kivuli kama ya mtu yeyote, lakini kama nyumbani kuna chupa moja na watoto wanne, chupa ni ya yule mmoja. Usimpunjie ili mgawane sawa. Hapo kugawana sawa ni kumdhulumu. Wale wanaojichubua kwa mkorogo ni habari nyingine, wenyewe wameshaitoa kinga yao kwa hiari.

Na mtoto mchanga wa chini ya miezi sita asipakwe losheni kama njia ya kumweka juani. Akae kivulini, afunikwe, basi.

AKISHAUNGUA

Mtoe juani mara moja. Mwogeshe maji ya baridi ya kawaida, au mfunike kitambaa kilicholowa, rudia rudia. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara. Usipake dawa ya mswaki, wala siagi, wala mafuta ya kupikia; mimi mwenyewe nilimkuta jirani ameshafungua kopo. Malengelenge usiyatoboe. Dawa ya maumivu kama panado mpe kwa kipimo cha umri na uzito wake. Kama malengelenge yamekuwa makubwa au mengi, au mtoto ana homa, anatapika, amelegea, nenda kituo cha afya usiku huo huo. Na asirudi juani mpaka ngozi mpya ikomae.

TULIVYORUDI ZIWANI

Dada alichukua miezi mitano kunikubalia. Sikumlaumu. Alikuja yeye mwenyewe, akakaa juu ya jiwe amejitanda kanga, akashika chupa ya losheni mkononi kama bunduki. Ilikuwa saa 1 asubuhi. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yanagongana. Kivuli cha Golikipa kilikuwa kirefu kuliko mtumbwi.

Nilimshika tumboni, akapiga miguu. Saa 2 kamili dada akapiga ukunga: "Inatosha! Njoo upakwe!" Akatoka, akafutwa, akapakwa, akarudi. Saa 3 kasorobo tukafunga kazi, na alilia, alitaka kuendelea, na wenzake ndiyo kwanza walikuwa wanafika. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, vijana. Mtoto anaondoka wakati wenzake wanaanza. Dawa niliyoipata ni kuwaambia wenzake waje mapema. Siku ya kwanza walikuja wawili. Sasa hivi wanafika kumi na mmoja, na wanamkubali kwa sababu ndiye mwenye jezi.

Usiku ule dada alimkagua kwa taa, sikio hadi kidole cha mguu. Hakukuwa na wekundu hata chembe. Hakuniambia kitu, alinipakulia ugali na sato mzima.

Jumapili ijayo tunakwenda tena. Mwenye mdogo wake mwenye ualbino aje naye, pamoja na fulana nzito ya mikono mirefu, kofia ya kamba na taulo. Losheni ninayo chupa mbili, tutagawana kwa vijiko. Tunaanza saa 1 asubuhi. Atakayekuja saa 3 atatukuta tumeshavaa nguo kavu tunakunywa uji.